Kulala vibandani Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: mwongozo kamili wa Mandara, Horombo na Kibo

Kila msimu naulizwa swali lilelile na watu walioteremka kabla ya kufika kileleni. "Kaka, nimefanya mazoezi miezi mitatu, miguu yangu haina shida yoyote, kwa nini nimeshindwa?" Huwa nawajibu kwa maswali kuhusu Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele. Kibo ulikula nini jioni? Ulilala na shati lipi? Chupa yako ya maji ilikaa wapi usiku ule? Wakimaliza kujibu, wanakuwa wameshalijua jibu lao.

Kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani, na wengi niliowaona wakigeuza njiani miguu yao bado ilikuwa na nguvu. Walifika kibandani wazima, wakakaa vibaya, wakatoka usiku wakiwa wameshaishiwa. Ndiyo maana hapa sitazungumzia sana kutembea. Nitazungumzia saa unazokaa ndani ya vibanda: ufanye nini ukifika, ule nini, ulale vipi, na usiku ule wa Kibo uupange namna gani.

## Kwanza hakikisha nafasi na siku

Marangu ndiyo njia pekee ya kupanda Kilimanjaro ambayo unalala kwenye vibanda. Njia nyingine zote ni mahema. Mandara, mita 2,720, wanalala watu wapatao 60. Horombo, mita 3,720, wapatao 120. Kibo, mita 4,720, wapatao 60 tena.

Huwezi kutokea tu getini na begi lako. Ni lazima uende na kampuni iliyosajiliwa na mwongozaji mwenye leseni, na kitanda chako kiwekwe mapema. Sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba ikikaribia, Watanzania hupanda kwa wingi na vitanda huisha haraka. Iombe kampuni ikuonyeshe uthibitisho wa kila usiku, tarehe kwa tarehe.

Kuhusu siku, chukua sita, usichukue tano. Siku ya sita inakupa usiku wa pili Horombo, na usiku huo ndio unaoupa mwili nafasi ya kuizoea hewa nyepesi. Najua inaongeza gharama. Kama fedha haitoshi, ni afadhali uahirishe safari hadi mwakani kuliko kwenda siku tano ukarudi na kichwa kinachogonga.

## Vifaa vya kibandani

Orodha ya vifaa vya kutembelea utapewa na kampuni. Hivi ni vya kukaa na kulala, ambavyo ndivyo watu husahau:

- Begi la kulalia la baridi kali, linalohimili nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri. Vibanda vina magodoro na mito, havina mablanketi wala kipasha joto. Ukikodisha Moshi au Marangu, lifungue lote, vuta zipu mpaka mwisho, linuse, ndipo ulipe.
- Seti moja ya nguo za kulalia tu: suruali na fulana ya mikono mirefu za kubana mwili, za sufu au sintetiki, pamoja na soksi nene. Usizivae njiani hata siku moja. Pamba iache nyumbani, ikilowa jasho haikauki.
- Mzula, glovu nyepesi na glovu nzito.
- Chupa mbili ngumu za lita moja, zenye mdomo mpana, zinazovumilia maji ya moto. Chupa za maji za kutupwa haziruhusiwi hifadhini.
- Chupa ndogo ya chai inayotunza joto.
- Tochi ya kichwani yenye betri mpya, na betri za akiba.
- Viatu vyepesi vya kibandani, vinavyoingia mguuni hata ukiwa na soksi.
- Vizibo vya masikio. Utalala na watu wanaokoroma.
- Karatasi za chooni na sanitaiza ya mikono.
- Kina dada: beba pedi hata kama tarehe zako bado.
- Paracetamol, ORS na dawa zako za kila siku.
- Vitafunwa unavyovipenda wewe mwenyewe: karanga, tende, kashata, visheti, chokoleti. Juu hamu ya kula inapotea, na kinachobaki kupita kooni ni kile ulichokizoea.
- Kikata kucha.

Kuhusu Diamox, yaani dawa ya acetazolamide, muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Inasaidia mwili kuizoea hewa nyepesi, lakini inakojoza sana, inaleta ganzi vidoleni, na wenye mzio wa dawa za salfa ni lazima wamweleze daktari kwanza. Usiijaribu kwa mara ya kwanza mlimani kwa sababu mwenzako kakugawia kidonge.

## Hatua ya 1: Getini, panga mabegi mawili kwa akili

Begi kubwa linabebwa na mpagazi, ambao sisi huku tunawaita wagumu. Mzigo wa mgumu mmoja haupaswi kuzidi kilo 20. Mizigo inapimwa kwenye mizani. Ukijaza begi vitu usivyovihitaji, unamlundikia binadamu mwenzako.

Begi la mgongoni ni lako. Liwe na koti la mvua, sweta, maji, vitafunwa, dawa, na shati moja kavu. Hilo shati ni la muhimu, kwa sababu mara nyingine utafika kibandani kabla ya begi kubwa, na nusu saa ya kukaa na shati bichi inatosha kukutetemesha kwa baridi.

Ndani ya begi kubwa, begi la kulalia na nguo za kulalia ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mfuko huo usiwe rambo, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Msitu kati ya geti na Mandara unanyesha hata siku ambayo Moshi kuna jua kali.

Ukitaka kujua umepanga vizuri, fumba macho, ingiza mkono begini, utoe tochi. Ukiipata kwa mara ya kwanza, uko tayari.

## Hatua ya 2: Mandara, jizoeze utaratibu

Kutoka getini ni mwendo wa saa tatu hadi nne. Ukifika, unakwenda kwanza ofisi ya hifadhi kuandika jina lako kwenye daftari. Utafanya hivyo kila kibanda, na usiruke, maana daftari hilo ndilo linaloonyesha nani yuko mlimani endapo kuna wa kutafutwa. Kisha unaonyeshwa chumba. Ni vyumba vidogo ndani ya vibanda vya mbao vyenye paa la kuchongoka, na huenda ukalala na wageni usiowajua. Wasalimie, kubalianeni saa ya kuzima taa.

Mandara hapachoshi. Bado uko msituni, mbega wanaruka juu ya miti, baridi ni ya kawaida. Utumie urahisi huo kuzoea mambo manne ambayo utayafanya kila ukifika kibandani, kwa mpangilio huuhuu:

Badili shati. Kunywa nusu lita ya kitu cha moto. Nawa, mgumu atakuletea beseni la maji ya uvuguvugu tunaloliita washi washi, na mikono isafishwe vizuri kwa sababu tumbo likiharibika huku juu safari imekwisha. Mwisho, tandika kitanda kabla giza halijaingia, tochi ikiwa chini ya mto.

Jioni kabla ya chakula, mwombe mwongozaji akupeleke kreta ya Maundi, haiko mbali. Kupanda juu kidogo kisha kurudi kulala chini kunauonyesha mwili mapema kinachokuja.

## Hatua ya 3: Horombo, usiku wa kwanza

Horombo ndipo mlima unapoanza kukupima. Mawingu yako chini yako, Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, inaonekana, na jua likizama baridi inashuka kama pazia. Kibanda hiki ndicho chenye pilikapilika kuliko vyote, maana wanaopanda, wanaopumzika na wanaoshuka wote wanakutana hapa. Utawasikia waliotoka kileleni wakisimulia. Sikiliza, lakini usilinganishe mwili wako na wao.

Saa kumi jioni kuna chai na bisi. Watu wengi wanaopuuza bisi hizi nawaona kesho yake wakilegea. Kula hata kama huna njaa. Huku juu tumbo linafanya kazi polepole, kwa hiyo chakula kidogo mara nyingi kinafaa kuliko sahani moja kubwa ya usiku.

Maji yawe lita tatu hadi nne kwa siku, ukihesabu chai na supu. Hewa ni kavu na unahema sana, na kila unapohema unapoteza maji bila kuyaona. Kipimo ni mkojo: ukiwa wa rangi nyepesi uko sawa, ukiwa wa njano iliyokolea umechelewa kunywa.

Usiache chakula nje wala kwenye mifuko ya pembeni ya begi. Kunguru wa shingo nyeupe wa Horombo ni wajanja, huning'inia kwenye begi wakavuta zipu mpaka ikafunguka. Usiku kazi hiyo inachukuliwa na panya.

Halafu kuna suala la kwenda chooni usiku, ambalo watu wanaliogopa. Choo kiko nje, kuna baridi, na umekunywa lita nne. Wengi hujibana mpaka alfajiri, na mtu aliyejibana halali. Panga hivi: viatu vyepesi viangalie mlangoni, koti liwe juu ya miguu, tochi chini ya mto. Ukishtuka, vaa, nenda, rudi. Dakika tano. Wengine hushangaa nyota, wakasahau hata baridi.

Kuumwa kichwa kidogo usiku huu ni jambo la kawaida. Kunywa maji, meza paracetamol, mwambie mwongozaji. Usimfiche. Mwongozaji hatakushusha kwa sababu ya kichwa kidogo, atakuangalia kwa makini zaidi.

## Hatua ya 4: Siku ya ziada Horombo

Siku hii watu huiita siku ya kupumzika, na hapo ndipo wanapoiharibu. Wanalala kutwa. Ukisinzia unahema kidogo kidogo, na mwili haupati hewa unayoihitaji. Jioni wanaamka na kichwa kizito, wanadhani mlima umewakataa.

Asubuhi panda hadi Zebra Rocks, majabali yenye mistari myeusi na myeupe, yapo takriban mita 4,000. Nenda polepole, kaa hapo dakika kumi na tano, rudi kula mchana. Alasiri kaa nje uote jua, piga stori, fua soksi. Tangu Agosti 2022 Horombo kuna intaneti, na watu hujikuta wameimaliza siku nzima na betri yote kwenye simu. Wasalimie wa nyumbani, kisha izime. Betri utaihitaji kileleni.

Leo hii pia ongea na mpishi kuhusu chakula cha Kibo. Mwambie unachoweza kukila tumbo likiwa halitaki. Huku Uchaggani mpishi mzuri atakupikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na sijaona chakula kinachopita vizuri zaidi kwenye koo la mtu aliye juu.

Utajua siku imekwenda vizuri kama jioni una hamu ya kula, kichwa kimetulia, na unapanda ngazi za ukumbi wa chakula bila kusimama katikati.

### Dalili za kusimamisha safari

Soma sehemu hii mara mbili, na msomee unayelala naye chumba kimoja.

Kichwa kinachouma hata baada ya dawa na maji, kutapika, kizunguzungu: hapo hupandi zaidi. Unabaki ulipo mpaka uwe sawa, na usipopata nafuu unashuka.

Kuyumba kama mlevi, kuongea mambo yasiyoeleweka, kukosa kukumbuka ulipo: ubongo umeanza kuvimba. Kukosa pumzi hata ukiwa umelala, kifua kinachokoroma, kikohozi chenye povu: mapafu yanajaa maji. Mambo haya mawili yanaua, na tiba yake ya kwanza ni kushuka saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama ni kwa machela ya gurudumu moja. Asikudanganye mtu kwamba tusubiri kupambazuke.

## Hatua ya 5: Kwenda Kibo, maji ndiyo mzigo wako

Kibo hakuna chemchemi. Maji yote ya kupikia na kunywa yanapandishwa na wagumu kutoka chini. Ondoka Horombo na chupa zako zimejaa, na unapopita sehemu ya mwisho yenye maji, mwulize mwongozaji kama ni pa kuongeza.

Baada ya hapo unaingia uwanda mpana kati ya kilele cha Mawenzi na kilele cha Kibo. Hakuna mti, ni mawe, vumbi na upepo. Kibanda unakiona mapema, na unatembea saa mbili hakikaribii. Wengi hukasirika, wakaongeza mwendo. Usifanye hivyo. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kukata. Ukifika Kibo unahema kama aliyekimbizwa, usiku wako umeshapungua nusu.

## Hatua ya 6: Kibo, saa ya kwanza

Utafika kama saa saba au nane mchana. Kibo ni jengo la mawe, lenye vyumba vya vitanda vya ghorofa, na ndani kuna baridi kuliko nje palipo na jua. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anaketi kwenye benchi nje, shati limelowa mgongoni, jua linampiga usoni, anajisikia vizuri, anapiga picha. Wingu moja linapita. Ndani ya dakika tano anatetemeka, na kwa mwinuko huu mwili uliopoa haurudi kirahisi.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujakaa:

Ingia ndani, chukua kitanda cha chini kama kipo, kwa sababu usiku kupanda na kushuka ngazi kunakuhemesha bure. Vua kila kilicholowa, hata sidiria, hata soksi. Vaa zile nguo zako za kulalia na jaketi juu yake. Toa begi la kulalia, likung'ute, litandaze lipate kufura, kwa sababu joto lake linatokana na hewa iliyonaswa ndani. Kunywa nusu lita ya chai ya tangawizi au supu. Sasa ndiyo ujilaze, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo.

Ukimaliza utakuwa na vidole vya miguu vyenye joto na mgongo mkavu. Kama kimoja kati ya hivyo hakipo, bado hujamaliza.

## Hatua ya 7: Panga usiku kukiwa bado na mwanga

Mwaka fulani nilipanda na mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa na nguvu kuliko kundi zima. Tulipotoka Kibo alibeba maji kwenye ule mfuko wa mpira wenye mrija, na mimi, kaka yake, sikukagua begi lake kwa sababu nilimwamini kama mzoefu. Tulipofika pango la Hans Meyer mrija ulikuwa umeganda kama mwiba. Chupa aliyokuwa nayo pembeni ya begi nayo iliganda mdomo. Aliendelea bila kunywa mpaka karibu na majabali ya Jamaica, akatapika, akakaa chini. Nilimshusha. Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, ilikuwa inaonekana juu. Tangu siku ile namkagua kila mtu, bila kujali ni nani.

Kwa hiyo saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, ukiwa bado unaona, panga haya:

Nguo. Zitandaze kitandani kwa mpangilio wa kuvaa, ya ndani ikiwa juu. Kileleni alfajiri kunaweza kufika nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, ukiongeza upepo. Utavaa suruali tatu na nguo nne au tano za juu. Saa nne na nusu usiku, vidole vikiwa vya baridi na akili nzito, hutaweza kutafuta kitu begini.

Maji. Chupa ngumu mbili. Zijazwe maji ya moto dakika chache kabla ya kutoka, kila moja ivikwe soksi nene, na iwekwe ndani ya begi ikiwa imepinduliwa, mdomo chini. Barafu huanzia juu, kwa hiyo ukiipindua, itaanza kuganda upande wa kitako na mdomo utabaki wazi. Kaza kifuniko uhakikishe hakivuji.

Betri. Simu, betri za tochi na pawabenki vilale nawe ndani ya begi la kulalia. Baridi inaua chaji.

Viatu. Vikae ndani ya chumba, vikiwa vimelegezwa kamba, soksi za kesho zikiwa ndani yake.

Begi la mgongoni. Liwe jepesi: maji, chupa ya chai, vitafunwa, glovu za akiba, dawa, miwani ya jua. Vitafunwa vigawe kwenye mifuko ya jaketi, kwa sababu juu hutasimama kufungua begi.

## Hatua ya 8: Kula bila hamu

Chakula cha jioni Kibo huja mapema, kama saa kumi na moja. Hutakuwa na hamu. Hilo ni la kila mtu, hata mimi.

Kwa mwinuko huu maji yanachemka kwenye takriban nyuzi 84 tu. Ndiyo maana wali unaweza kuja na kiini kigumu, na nyama inakuwa kama kamba. Siyo kosa la mpishi. Chagua mtori, supu, uji, viazi au tambi. Epuka mafuta mengi, yanakaa tumboni na kurudi kama kichefuchefu usiku wa manane.

Kula vijiko kumi, pumzika, kula vingine vitano. Ukishindwa kabisa, kunywa uji wenye sukari. Ukitapika, mwambie mwongozaji wakati huohuo, usisubiri saa ya kutoka.

## Hatua ya 9: Kulala, au walau kujilaza

Saa kumi na mbili unusu uwe ndani ya begi la kulalia. Mwombe mpishi akujazie chupa moja maji ya moto, ivike soksi, iweke katikati ya mapaja, mahali damu nyingi inapopita. Joto litaenea mwili mzima, na maji hayohayo utayanywa baadaye.

Vaa mzula, funga begi mpaka kidevuni, lakini pua na mdomo viache nje. Ukihemea ndani, mvuke unalilowesha begi na utaamka na baridi.

Utashtuka mara kadhaa ukiwa kama umeishiwa pumzi. Au utamsikia mwenzako anahema haraka, kisha ananyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kubwa. Wengi hudhani mtu anakufa. Ni kawaida ya mahali pa juu: kwa kuhema sana mwili unapoteza hewa chafu, yaani kaboni dioksidi, ambayo ndiyo huuamrisha kuhema, basi amri inakatika kidogo mpaka hewa hiyo ijikusanye tena. Kama akiamka anaongea vizuri na hakohoi, mwache alale.

Usimeze vidonge vya usingizi, na usiguse pombe. Vyote vinapunguza kuhema, na usiku huu kuhema ndiyo uhai wako.

Usipopata usingizi, usihangaike. Wengi waliofika kileleni hawakulala Kibo. Kujilaza kimya, mwili ukiwa na joto, kunatosha. Kinachochosha ni kutazama saa kila baada ya dakika kumi.

## Hatua ya 10: Kuamka na kuamua

Utaamshwa kama saa nne unusu usiku, kwa chai na biskuti. Wengi hutoka kati ya saa tano na saa saba. Kaa kwanza kitandani dakika mbili kabla ya kusimama, kunywa chai yenye sukari, kula biskuti hata tatu, nenda chooni kabla hujavaa nguo zote.

Ukishavaa, toka nje dakika chache kabla ya muda, utembeetembee polepole. Ukisikia joto jingi hapo, umevaa kupita kiasi na utatoka jasho njiani. Uwe na ubaridi kidogo mwanzoni.

Sasa jiulize bila kujidanganya. Kichwa kipo vipi? Umekula? Unaweza kutembea mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole, hatua kumi bila kuyumba? Mwongozaji atakuuliza hayohayo, mjibu ukweli. Mama mmoja aliniambia hapo mlangoni, "Mwanangu, kichwa changu leo siyo changu." Alibaki. Asubuhi alishuka Horombo kwa miguu yake mwenyewe, na mwaka uliofuata alirudi akafika kilele cha Uhuru. Nilimheshimu zaidi kwa ule usiku wa kwanza.

Ukiwa sawa, nenda. Gilman's Point, mita 5,685, ni saa tano hadi sita za kupanda kokoto zinazoteleza. Kutoka hapo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni kama saa moja unusu au mbili kwa kuzunguka ukingo wa kreta. Kila mkisimama, kunywa mafundo mawili, hata kama huna kiu.

## Hatua ya 11: Kurudi Kibo, kisha Horombo

Ukirudi Kibo asubuhi utatamani kulala mpaka jioni. Hairuhusiwi kukaa sana, kwa sababu wengine wanakuja na vitanda ni vilevile, tena mwili wako unahitaji kushuka. Pumzika saa moja tu: vua viatu, badili shati, kunywa lita nzima, kula supu. Kisha shuka Horombo. Ukifika, hewa itakuwa nene kama uji, na usingizi wa usiku huo utakuwa mzuri kuliko wote.

Kabla ya kulala Horombo, fanya jambo moja dogo: kagua vidole vya miguu na ukate kucha. Kesho unashuka mpaka getini kwa siku moja, karibu kilomita 20, na vidole vitakuwa vinagonga mbele ya kiatu njia nzima. Kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo, ulegeze kidogo vidoleni. Getini andika jina lako kwenye daftari la kutoka, chukua cheti chako, kisha tafuta wagumu wote waliokubebea uwashike mkono, mmoja mmoja, kabla gari halijaondoka.